Densi ya barafuni katika Olimpiki ya 2018

Mashindano ya densi ya barafuni katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2018 yalifanyika tarehe 19 na 20 Februari mjini Gangneung, Korea Kusini. Nafasi zilipangwa kwa kujumlisha alama za densi fupi na densi huru.

Baada ya densi fupi ilikuwa vigumu kutabiri washindi wa medali. Tessa Virtue na Scott Moir wa Kanada waliongoza kwa alama 83.67, wakifuatwa na Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron wa Ufaransa (81.93). Jozi mbili za Marekani zilizoshika nafasi ya tatu na ya nne zilitofautiana kwa alama 0.02 tu.

Wafaransa walishinda densi huru kwa alama 123.35 dhidi ya 122.40, lakini Wakanada walitwaa dhahabu kwa tofauti ya jumla ya alama 0.79. Maia na Alex Shibutani wa Marekani walipanda kutoka nafasi ya nne na kupata shaba.