Farasi wa Mpingo na Mashine Isiyobebeka

Katika ngano za kale, chombo cha ajabu huwa na moja kati ya tabia mbili. Ama hubebeka, kikaenda na mwenyewe popote aendapo. Ama hakibebeki, kikamlazimu mwenye haja nacho akifuate pale kilipo. Tofauti hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama hadithi itakuwa ya mtu au itakuwa ya mahali.

Alfu Lela Ulela ina vyote viwili. Farasi wa mpingo, aliyeletwa na mjuzi mmoja kwa mfalme wa Uajemi, alikuwa na kishikizo cha kumpaisha na kingine cha kumshusha. Mwana wa mfalme alipaa naye mawinguni kabla hajajua namna ya kuteremka. Baadaye mjuzi yule yule alimtumia farasi huyo kumtorosha kwa hila binti aliyependwa na kijana. Farasi alimtii kila aliyekaa mgongoni mwake, mwema kwa mwovu, na kisa kilipofika mwisho mfalme alimvunjavunja.

Kitabu hicho hicho kinasimulia habari za Ajib bin Khasib, ambaye merikebu yake ilipotea njia ikavutwa na mlima wa sumaku. Misumari ilichomoka mbaoni ikaurukia mlima, chombo kikasambaratika, na watu wakazama. Juu ya mlima palikuwa na kuba la shaba, na juu ya kuba mpanda farasi wa shaba, kifuani ana kibao cha risasi kilichochorwa talasimu. Huyu hakumfuata mtu. Alisimama tu, na kusimama kwake kukawa maangamizi ya kila chombo kilichokaribia.

Watu wa Bahari ya Hindi wanayo sababu ya pekee ya kukikumbuka kisa hiki. Mitepe ya visiwa vya Lamu ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari ya chuma, na tangu zamani wageni waliokutana na vyombo vya kushonwa katika bahari hizi walitafuta sababu yake. Baadhi yao walisema kwamba mabaharia waliogopa majabali ya sumaku. Katika karne ya 6 Procopius, mwandishi wa Kirumi, aliyakanusha maneno hayo akitaja kwamba merikebu za Warumi zilizokuwa na chuma kingi zilipita katika Bahari ya Shamu bila kudhurika. Hata hivyo uvumi uliendelea kuishi, kwani mashine ya uwongo iliyowekwa mahali pa kweli huaminika upesi.

Si kila kisichobebeka ni cha kuua. Katika safari ya Musa bin Nusayr kuelekea Mji wa Shaba, wasafiri waliopotea walimkuta mpanda farasi mwingine wa shaba juu ya kilima. Maandishi yake yaliwaamuru wausugue mkono wake. Walipousugua, sanamu iligeuka na kuwaelekeza njia. Wao walikwenda zao. Sanamu ikabaki kumngoja mpotevu mwingine.

Mji huo wa Shaba ulisafiri mbali kuliko Musa mwenyewe. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mmoja wao huwa msimulizi anayewaeleza wanayoyakuta njiani. Wao husema watakalofanya, na dadu huamua mengi ya yale yasiyo na hakika. Aliyezoea kuitikia "Hadithi njoo!" hatakuwa mgeni katika baraza hiyo, ila atashangaa kuona wasikilizaji nao wanaamua mwisho wa kisa. Kitabu cha waongozaji wa mchezo huo kilichotoka mwaka 1979 kilikuwa na picha ya Mji wa Shaba kwenye jalada lake.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1976, Gygax na Brian Blume walikuwa wametoa kitabu cha nyongeza, Eldritch Wizardry, kilichotaja mashine ya mtawala mmoja wa kubuni aitwaye Lum Mwendawazimu. Kwa maelezo ya mchezo huo, mashine ilikuwa ya kale mno, yumkini kazi ya miungu iliyosahauliwa. Ilisemekana kuwa na nyenzo 60, visahani vya kuzungusha 40 na swichi 20, na karibu nusu tu ndizo zilizokuwa zikifanya kazi. Kwa mashine hiyo Lum alijenga himaya. Aliyeikuta baada yake hakujua ni wenzo upi wa neema na upi wa balaa, wala hakuweza kuitia mkobani, kwa kuwa ilikuwa nzito kupita kiasi.

Hapo hekima ya msimulizi inadhihirika. Akimpa mchezaji upanga wa kushinda kila vita, kesho hana hadithi, maana kila mlango utafunguliwa kwa upanga ule ule. Lakini nguvu iliyokita mizizi mahali haimalizi kisa. Mwenye kuitaka sharti aamue: atabaki ailinde, akiacha safari zake, au ataondoka amwachie atakayekuja nyuma? Akibaki, maadui watajua pa kumkuta. Akiondoka, asiyekuwapo na lake halipo. Lum aliitumia mashine. Hakuwa na njia ya kuizuia isimkubali mwingine.

Jambo hili Ajib alilijua kabla ya wote. Mlimani aliota ndoto iliyomwelekeza achimbe chini ya miguu yake, naye akapata upinde wa shaba na mishale mitatu ya risasi. Alimpiga mpanda farasi akaanguka baharini. Kabla yake, vyombo vingi vilikwisha kuvunjika mbele ya mlima ule, na pwani za mbali watu waliusimulia na kuuogopa. Hakuna aliyeweza kuushinda kutoka pwani. Mshale ulitupwa na mtu aliyekwisha kupoteza merikebu yake, naye amesimama pale pale penye mashine.