Pembe na Mpingo

Katika miombo ya Kilwa na Liwale, kusini mwa Tanzania, tembo hupita katikati ya mipingo, na pembe zao pamoja na mbao za mipingo hiyo zimeishia kuwa sehemu za ala za muziki ng'ambo. Karne ya 19 wapagazi walishusha pembe hadi Kilwa na Bagamoyo. Unguja zikapimwa kwa frasila na kupakiwa merikebuni. Nyingi zilifika Deep River na Ivoryton, Connecticut, zikachanwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vya piano. Mpingo nao ukatakiwa kwa klarineti na oboe. Gogo lake likikatwa huonyesha ukingo mwembamba mweupe, na ndani kiini cheusi chenye uzambarau, kizito hata huzama majini. Mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na kwa kuwa shina hupinda na kupasuka, sehemu kubwa huishia kuwa makapi.

Kwa uainishaji, tembo ni mamalia wa familia Elephantidae. Jamaa zake wa karibu walio hai, mbali na tembo wenzake, ni nguva na, ajabu, pimbi. Mwainishaji Linnaeus alimchanganya tembo wa Afrika na wa Asia mwaka 1758. Mwanasayansi Blumenbach akawatenganisha mwaka 1797. Mpingo, Dalbergia melanoxylon, ni wa familia Fabaceae, ukoo mmoja na kunde na choroko.

Uainishaji huo si mambo ya vitabuni tu. Mwaka 1989 mkataba wa CITES ulimpandisha tembo Kiambatisho I, biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku. Hata hivyo tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 110,000 mwaka 2009 hadi 43,000 mwaka 2014. Mwaka 2021 Orodha Nyekundu ya shirika la uhifadhi IUCN ilihesabu tembo wa savana na wa msituni kuwa spishi mbili: wa kwanza yuko hatarini kutoweka, wa pili hatarini zaidi. Tembo alionekana vyema kwa kutenganishwa. Mpingo ulibanwa kwa kuunganishwa. Orodha hiyo iliuweka karibu na hatari tu mwaka 1998, lakini Januari 2017 karibu jenasi yote ya Dalbergia iliingia Kiambatisho II cha CITES, kinachodai vibali, kwa sababu mbao za jamaa zake waliokuwa wakikatwa ovyo kwa samani ni vigumu kuzitofautisha. Wanamuziki wakalalamikia vibali vya safari, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa sharti hilo. Vijiji vya Kilwa, vilivyopata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu mwaka 2009, huuza magogo ya mpingo kihalali. Pembe haina mlango wa namna hiyo.