Rottweiler Alikuwa Mfanyakazi wa Bucha

Pita mtaa wowote wa Nairobi wenye mageti ya chuma, utaona kibao: MBWA KALI. Nyuma ya hicho kibao, siku hizi, unaweza kupata Rottweiler. Amefungiwa kwa kibanda cha mabati tangu asubuhi, anafunguliwa saa nne usiku, anazunguka uani, kukicha anarudishwa ndani. Mwenyewe atakwambia ati hivyo ndivyo mbwa anakuwa mkali. Mimi nasema hivyo ndivyo anarukwa na akili, na historia yake iko upande wangu. (Chuo niliacha mwaka wa pili. Kusoma sikuacha.)

Jina linatoka Rottweil, mji wa kusini mwa Ujerumani, kwenye mto Neckar. Warumi walijenga hapo katika karne ya kwanza, wakapaita Arae Flaviae. Wafugaji wanasimulia kwamba mababu wa huyu mbwa walivuka milima ya Alps pamoja na jeshi la Kirumi wakiswaga ng'ombe, maana friji hazikuwepo na nyama ya askari ilibidi itembee yenyewe. Hiyo ichukue kama masimulizi tu. Kilicho wazi ni kwamba baadaye Rottweil ikawa mji wa soko la mifugo, na mbwa akaitwa Rottweiler Metzgerhund, yaani mbwa wa wachinjaji wa Rottweil.

Hebu fikiria siku yake ya kazi. Mwenye bucha anaenda vijijini kununua ng'ombe, mbwa anawaswaga hadi mjini. Fahali akigoma, mbwa anamsukuma kwa kifua. Akizidi ukaidi anaumwa kidogo, aendelee na safari. Usiku mbwa analinda kundi. Siku nyingine anafungwa kwa mkokoteni avute nyama kwenda sokoni. Na inasimuliwa kwamba mchinjaji akishauza, alikuwa anamfunga mbwa mfuko wa pesa shingoni, kwa sababu hakuna mwizi angethubutu kuunyoosha mkono pale. M-Pesa ya enzi hizo, ikiwa na meno.

Sasa niambie, mbwa anayeuma kila mtu angefanyaje kazi sokoni, katikati ya wateja na watoto? Angekuwa hasara. Mchinjaji alihitaji mbwa mwenye nguvu na kichwa baridi, anayejua nani wa kusukuma na nani wa kuacha. Na ndiye huyo alizalishwa, kizazi baada ya kizazi.

Halafu reli ikaja. Karne ya 19 ng'ombe wakaanza kupanda treni, na kuwaswaga barabarani kukapigwa marufuku. Waulize watu wa Mtito Andei reli mpya ilifanya nini kwa biashara ya barabarani. Mbwa akakosa kazi, na mbwa wa kazi akikosa kazi hakuna anayemlisha. Mwaka wa 1882, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Heilbronn, si mbali na kwao, alionekana Rottweiler mmoja tu. Mmoja! Aliyemwokoa ni polisi. Mwaka wa 1910 Ujerumani ikamtambua rasmi kama mbwa wa polisi, na mwaka wa 1921 kikaundwa chama chake, ADRK, ambacho hadi leo hakiruhusu mbwa azalishwe kabla ya kupimwa nyonga na tabia. Tabia, wasee. Akionyesha woga au ukali usio na sababu, hazalishwi.

Sisi tulimjua kwa filamu. Ile The Omen ya 1976 ilimfanya mbwa wa shetani, na sura hiyo ndiyo watu wananunua.

Kwa hivyo ukimleta nyumbani, kumbuka umeajiri mfanyakazi. Dume anafika kilo 50. Mtoto ambaye unacheka akikurukia leo, baada ya mwaka atamwangusha shosho. Mfunze mapema. Wiki za kwanza hadi kama ya 14 ndizo za kumzoesha watu, bodaboda, watoto wa shule, kelele za mtaa. Mtembeze kila siku, mpe kitu cha kutafuta au kubeba. Lakini usimkimbize sana kabla hajafika mwaka na nusu, viungo bado vinakomaa, na nyonga ndiyo shida kubwa ya jamii hii. Ugali mtupu haumtoshi. Mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vikali tumboni, achana nayo. Chanjo ya parvo usichelewe, watoto wa Rottweiler inawashika vibaya. Ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Kupe wakague kwa masikio na katikati ya vidole. Na hayo manyoya meusi chini ya mabati saa saba mchana ni jiko. Mpe kivuli na maji, hasa wewe wa Mombasa.

Kitu mnaniuliza sana ni bei. Niulizeni kwanza mama wa hao watoto anaishi wapi na anakaribisha wageni namna gani. Ukifika kwa mfugaji akatafuta visababu usimwone mama, panda matatu urudi.