Chekeche Huwekwa Wapi

Ukuta wa ventrikali ya kushoto ya moyo ni mnene kuliko wa ile ya kulia. Sababu yake haina ugumu: upande wa kulia husukuma damu hadi kwenye mapafu, hapo jirani tu, ilhali wa kushoto huisukuma mpaka utosini na unyayoni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa jambo hili Ohio, Lyon na Dar es Salaam, na vitabu vyao vinakaribia kusema mamoja. Kinachotofautiana ni nani ameruhusiwa kuketi darasani, na mwalimu anamtazamaje aliyeketi mbele yake. Naona tofauti hiyo ina uzito kuliko mtaala wenyewe.

Ufaransa mambo yako wazi kuliko kwingine. Kuanzia mwaka 1971 sheria iliweka idadi maalumu ya wanaovuka kuingia mwaka wa pili wa udaktari. Aliyefaulu mtihani wa kumaliza sekondari aliweza kujiandikisha mwaka wa kwanza. Chekeche likawa ndani ya mwaka huohuo. Kumbi zikafurika. Mtihani ni wa kuchagua majibu, majina hupangwa kwa alama, kisha mstari hukatwa. Hapo ventrikali ya kushoto hugeuka sentensi moja kati ya tano, imepindwa neno moja ili kumtenga aliyesoma sana na aliyesoma sana zaidi. Swali la namna hiyo linapima watu wala halimfunzi mtu. Nafuu pekee hutoka kwa wanafunzi waliotangulia, ambao huwaandalia wadogo zao mafunzo ya ziada na mitihani ya majaribio. Mwaka 2020 mfumo ulibadilishwa, zikafunguliwa njia mbili ili anayekosa nafasi asipoteze miaka bure. Matundu yamepanuliwa, lakini chekeche bado limo humohumo darasani.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Shule ya udaktari ya Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1893, ilidai mwombaji awe na shahada kwanza. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu shule za udaktari ikausukuma mtazamo huo nchi nzima: hakuna kuingia shule ya udaktari bila miaka isiyopungua miwili ya chuo, pamoja na biolojia, kemia na fizikia. Hivyo kozi ya kwanza ya biolojia ikawa lango, na vijana wengi huuacha mpango wa udaktari katika muhula huo mmoja.

Lakini linalonivutia Marekani liko chini ya hapo, katika vyuo vya jamii, ambavyo kwa kawaida hupokea kila mwenye cheti cha sekondari. Miaka ya 1950 Mildred Montag, mwalimu wa uuguzi, alionyesha kwamba muuguzi anaweza kuandaliwa humo kwa miaka miwili, na tangu hapo kozi ya anatomia na fiziolojia ya mihula miwili imekuwa ya watu wa kila aina. Darasa la jioni huwa na kijana wa miaka 18 kando ya mama wa miaka 40 aliyeshinda kazini akiwaogesha wazee. Wamo pia wasemaji wa Kiswahili waliofika kutoka Kongo kama wakimbizi. Kila kikundi hupewa trei yenye moyo wa kondoo, unanuka dawa ya kuhifadhia. Wanaupasua, wanapitisha kidole kwenye aota, wanaziona nyuzi nyembamba zinazozuia vali zisipinduke, kisha wanabana kuta mbili, wa kulia na wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada. Aliyefanya hivyo hahitaji kukariri upi mnene. Tangu mwaka 2013 kuna hata kitabu cha kozi hiyo kisicholipiwa, kilichotolewa na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice.

Sisemi huko ni peponi. Ada inaumiza, na programu nyingi za uuguzi huchagua waombaji kwa alama za kozi hiyohiyo. Baadhi hukataa alama zilizopita miaka kadhaa. Hata hivyo mtu mzima anaweza kuanza upya, na hilo ni jambo kubwa.

Tanzania chekeche liko mbali nyuma. Kidato cha nne huamua nani atasoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na kidato cha sita huamua nani ataingia chuo cha udaktari. Anayefika Muhimbili, Dar es Salaam, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963, ameshapasua chura au panya maabara. Mwalimu hana haja ya kumtisha ili aondoke. Mwaka wa kwanza unakwenda moja kwa moja kwenye anatomia, na hospitali iko papo hapo. Ventrikali ile ataikuta tena wodini, kwa mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye ukuta wake umenenepa kupita kiasi kwa kusukuma damu dhidi ya mzigo miaka mingi. Ukaribu huo wa somo na mgonjwa ni hazina.

Ila waliobaki nje? Binti wa shule ya kata isiyo na maabara, aliyejifunza majaribio ya kemia ubaoni, alama yake ya kidato cha nne inaisema shule zaidi ya kumsema yeye. Anaweza kupitia stashahada ya utabibu, akahudumu zahanati miaka kadhaa, akaomba shahada. Na bado cheti kile cha kidato cha nne kitachunguzwa tena.

Ningependa vyuo vya afya vya mikoani vifungue kozi ya msingi ya biolojia kwa watu wazima, ya jioni, yenye kupasua na kushika. Vifaa si kisingizio: moyo wa mbuzi unauzwa buchani, na hadubini za mchana zinaweza kutumika usiku. Kazi ngumu iko kwa vyuo vikuu, kukubali kwamba alama aliyoipata mtu akiwa na miaka 30 inafuta ile ya miaka 17.