Mtego Chini ya Nyasi: Historia ya Biashara ya Kiuno-cheupe katika Vilima vya Sussex

Kiuno-cheupe, jina linalotumika katika makala haya kwa kufuata maana ya jina lake la kale, ni ndege mdogo wa jenasi ya Oenanthe, kundi lenye spishi zipatazo 30 ambazo huishi chini, katika ardhi iliyo wazi yenye mawe na nyasi fupi, kuanzia milima ya Ulaya na nyika za Asia hadi nyanda za juu za Afrika. Zamani wataalamu waliwaweka ndege hao katika familia ya Turdidae, lakini uchunguzi wa vinasaba umewahamishia katika familia ya Muscicapidae, yaani familia ya ndege wakamatao nzi. Hata hivyo, wakati ndugu zao wengi hukaa tawini wakingoja mdudu apite angani, viuno-vyeupe hukimbia ardhini, husimama ghafla wakiwa wima, hudokoa mdudu, kisha hukimbia tena. Na wanaposhtuka hujitosa ndani ya shimo au chini ya jiwe. Tabia hizo mbili, yaani kupenda nyasi fupi na kukimbilia mashimoni, ndizo zilizowafanya kuwa msingi wa biashara iliyostawi kusini mwa Uingereza kuanzia karne ya 17 hadi ya 19, na historia ya biashara hiyo inafaa kusomwa na kila anayetaka kuelewa kwa nini ndege hutoweka na kwa nini sheria peke yake haitoshi kuwarudisha.

Jina lenyewe lina historia yake. Kwa Kiingereza spishi ya kaskazini, Oenanthe oenanthe, huitwa wheatear, neno ambalo kwa sikio la leo linasikika kama suke la ngano, na Thomas Fuller, katika kitabu chake juu ya watu na mambo mashuhuri ya majimbo ya Uingereza kilichochapishwa mwaka 1662, alieleza kwamba ndege huyo aliitwa hivyo kwa sababu hunenepa ngano inapoiva. Wanaisimu wamekwisha kuonyesha kwamba asili ya neno hilo ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yenye maana ya weupe na matako, kwa kuwa ndege huyo anaporuka huonyesha doa jeupe juu ya mkia, na Wafaransa nao humwita cul-blanc kwa maana hiyo hiyo. Jina la kisayansi, ambalo Carl Linnaeus aliliingiza katika orodha yake ya mwaka 1758, linatokana na Kigiriki na maana yake ni ua la mzabibu, kwa kuwa ndege hao hurejea Ugiriki majira ambayo mizabibu huchanua. Hivyo Mgiriki alimhusisha ndege huyu na maua ya mzabibu, na Mwingereza wa Sussex alimhusisha na mavuno ya ngano. Wote wawili walimjua kama mgeni anayefika kwa majira, ingawa hakuna aliyejua atokako wala aendako.

Mahali pa historia hii ni South Downs, safu ya vilima vya chaki, yaani mwamba mweupe laini wa chokaa, inayopita katika jimbo la Sussex na kuishia baharini kwenye magenge ya Beachy Head, karibu na mji wa Eastbourne. Udongo wa vilima hivyo ni haba, kwa hiyo kwa karne nyingi watu waliviacha viwe malisho, na makundi makubwa ya kondoo yalizikata nyasi kwa meno yao mwaka hadi mwaka mpaka zikawa fupi na zilizoshonana kama zulia. Mwishoni mwa karne ya 18 mfugaji John Ellman wa kijiji cha Glynde aliboresha kondoo wa huko mpaka mbegu ya Southdown ikawa na sifa hata nje ya Uingereza. Ardhi ilikuwa ya mabwana, kondoo walikuwa wa wakulima wenye mashamba, lakini ndege aliyetua juu ya nyasi hizo hakuwa wa mtu. Na kwa desturi alihesabiwa kuwa haki ya mchungaji, mtu wa ujira mdogo aliyeshinda juu ya vilima tangu alfajiri hadi jua kuchwa.

Mtego wa mchungaji haukuhitaji mtaji. Kwa sepetu alikata bonge refu la udongo lenye nyasi zake, akaacha shimo lenye umbo la herufi T, kisha akaligeuza bonge lile juu chini na kulilaza juu ya shimo, likawa kama paa la pango dogo lenye milango. Ndani yake alisimamisha kijiti chenye vitanzi viwili vilivyosokotwa kwa singa za farasi. Ndege aliyekuwa akikimbia huku na huku kutafuta wadudu aliona uwazi uliofanana na mashimo anayoyazoea, na wachungaji walijua vyema kwamba hata kivuli cha wingu kinachopita juu ya kilima kilitosha kumshtua na kumfanya ajifiche humo, ambapo shingo yake ilinaswa. Mtego huo haukuwa na chambo chochote, kwa maana ulitegemea hofu ya ndege wala haukutegemea njaa yake, na ndiyo sababu ulikamata wengi kupita kiasi.

Kazi hiyo ilikuwa na msimu unaofahamika. Mitego ilifunguliwa tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, na ilifanya kazi hadi kiasi cha wiki ya tatu ya Septemba, muda ambao mchungaji mmoja na kijana wake waliweza kuangalia mitego kati ya 500 na 700. Desturi moja ya biashara hiyo inaonyesha uaminifu uliokuwepo kati ya watu wa vilimani: mpita njia aliyetaka kitoweo aliruhusiwa kumtoa ndege mtegoni, mradi aache peni moja, sarafu ndogo ya wakati huo, ndani ya shimo kwa kila ndege aliyemchukua, na mchungaji alipozunguka jioni alikusanya ndege katika mitego mingine na sarafu katika mingine.

Kipimo cha biashara yenyewe kimehifadhiwa na mwanaelimu wa wanyama Thomas Pennant, aliyeandika katika karne ya 18 kwamba katika eneo la Eastbourne peke yake walinaswa takriban dazeni 1,840 kila mwaka, wakauzwa kwa kawaida peni 6 kwa dazeni. Hesabu hiyo ni ndege 22,080 kwa mwaka, na thamani yao yote ilikuwa peni 11,040, yaani paundi 46, zikigawanywa kwa wachungaji wa eneo zima. Yeyote anayeitazama hesabu hiyo ataona kwamba peni moja iliyoachwa shimoni kwa ndege mmoja ilikuwa mara mbili ya bei ya jumla, na kwamba maelfu ya ndege yalihitajika ili kuongeza kidogo tu kipato cha nyumba maskini.

Walaji hawakuwa maskini. Daniel Defoe, katika maelezo ya safari zake nchini Uingereza yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1724, alimsifu ndege huyu kwa utamu ingawa nyama yake ni tonge moja tu, akamlinganisha na otolani, ndege mdogo mnono aliyeheshimiwa katika meza za wakubwa barani Ulaya. Baadhi waliliwa katika miji ya jirani, wengine walinyonyolewa na kupelekwa kwa wauza ndege wa London, na wengine walipikwa na kuhifadhiwa ndani ya vyungu. Mwana wa mfalme alipoanza kuutembelea mji wa Brighton mwaka 1783, na zaidi reli ya kutoka London ilipofika huko mwaka 1841, pwani ya Sussex ilijaa wageni wenye fedha waliotaka kuonja kitoweo cha mahali hapo, na hivyo mchungaji aliyekuwa akiuza kwa majirani akajikuta akihudumia soko lisilotosheka.

Aliyeitazama biashara hiyo kwa jicho la elimu zaidi ya wote ni Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, ambaye kitabu chake cha barua juu ya viumbe kilichapishwa mwaka 1789. White aliona fumbo ambalo walaji hawakulijali: ingawa mamia ya dazeni walinaswa msimu ulipopamba moto, hakuna aliyewahi kuwaona ndege hao wakiwa kundi, na ilikuwa nadra kuona zaidi ya watatu au wanne kwa wakati mmoja. Alihitimisha kwamba lazima ulikuwepo mfululizo usiokatika, wa leo wakiondoka na wengine wakifika mahali pao, na alikisia kwamba huenda walikuwa wakisogea pwani ya Sussex ili kuhama, japo aliamini kwamba wachache hubaki Uingereza mwaka mzima. Fikra yake ya mfululizo ilikuwa sahihi, na ndani yake mlikuwa na onyo ambalo halikusikilizwa, kwa kuwa mchungaji aliyedhani anavuna ndege wa kilima chake alikuwa kwa kweli anavuna ndege waliozaliwa katika nchi nyingi za kaskazini, na wingi wake wa Agosti ulikuwa jumla ya uzazi wa maeneo ambayo hakuwahi kuyaona.

Biashara hiyo haikuvunjwa na pigo moja. Sheria ya kulinda ndege wa mwituni ya mwaka 1880 ilikataza uwindaji kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 1 Agosti, lakini kwa kuwa mitego ilifunguliwa mwishoni mwa Julai, sheria hiyo iliupunguzia msimu siku chache tu na kuuacha mwezi wa Agosti wazi. Kilichowazuia wachungaji zaidi ni wenye mashamba, walioona kwamba mtu anayezunguka mitego mamia hawezi kuchunga kondoo ipasavyo, wakaanza kuikataza kazi hiyo. Mwandishi W. H. Hudson, mzaliwa wa Argentina aliyehamia Uingereza na kuwa miongoni mwa watetezi wakuu wa ndege, alipochapisha mwaka 1900 kitabu chake juu ya vilima vya Sussex, aliikuta biashara ikiwa katika siku zake za mwisho, na lawama zake kali aliwaelekezea walaji wenye mali walioiweka hai. Mwaka 1954 sheria mpya iliwapa ndege wa mwituni ulinzi mpana zaidi, lakini wakati huo mitego ilikuwa imekwisha kuwa kumbukumbu ya wazee.

Mtu angetarajia kwamba, baada ya vitanzi kuondolewa, viuno-vyeupe wangejaa tena vilimani kuzaliana, lakini haikuwa hivyo, na hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Makundi ya kondoo yalipungua, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili sehemu kubwa za malisho ya kale zililimwa ili kupata chakula. Kisha mwaka 1953 ukaingia Uingereza ugonjwa wa miksomatosi ulioua sungura wengi mno, nao sungura walikuwa wakizifupisha nyasi na kuchimba mashimo ambamo ndege hao hutaga. Nyasi zikarefuka, vichaka vikaota, na ndege anayewinda kwa kukimbia akakosa uwanja. Leo katika vilima hivyo kiuno-cheupe huonekana zaidi akiwa safarini, na wanaozaliana huko ni wachache sana. Mchungaji yule yule aliyetega mtego ndiye ambaye, kwa kondoo wake, aliitunza ardhi iliyomvuta ndege. Vitanzi viliua maelfu, lakini kupotea kwa malisho kuliondoa makazi yenyewe.

Elimu ya baadaye imefunua upana wa safari ambazo White alizikisia. Vifaa vidogo vya kurekodi mwanga, vilivyofungwa migongoni mwa viuno-vyeupe na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2012, vilionyesha kwamba ndege wa Alaska, wenye uzito wa takriban gramu 25, huvuka Asia na kusafiri kiasi cha kilomita 14,500 hadi Afrika Mashariki, katika nchi za Sudan, Uganda na Kenya, ilhali wale wa kaskazini-mashariki mwa Kanada huvuka bahari ya Atlantiki kuja Ulaya na kuishia Afrika Magharibi. Wanaofika Afrika Mashariki hukaa na ndugu zao wakaazi, akiwemo Oenanthe schalowi wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, spishi iliyoelezwa na Gustav Fischer na Anton Reichenow mwaka 1884. Wageni na wenyeji hao wote hutafuta kitu kile kile ambacho kondoo wa Sussex walikitengeneza, yaani ardhi wazi yenye nyasi fupi, ambayo huku hutunzwa na midomo ya ng'ombe, mbuzi na wanyama wa porini.

Kwa hiyo hukumu ya historia hii ni kwamba ndege wa ardhini halindwi kwa kukataza mtego peke yake. Sheria inayomwokoa shingoni na kumwacha bila mahali pa kukanyaga imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki iko mikononi mwa wafugaji, wakulima na wapangaji wa matumizi ya ardhi. Wale wenye malisho ya wazi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki wangali na kile ambacho Sussex ilikipoteza, na wakati wa kukithamini ni sasa, kabla jembe na kichaka havijakifunika.