Nani Alificha Mipangilio ya Mtandao Kwa Kompyuta Yako?

Wasee, tuongee kuhusu kitu ambacho hakuna mtu hufungua mpaka siku intaneti ikatae: mipangilio ya mtandao kwa kompyuta ya nyumbani. Ukiitafuta unapotea. Na si ati wewe ni mshamba. Hiyo kitu imehamishwa mara nyingi.

Rudi nyuma kidogo. Windows 3.1 ya 1992 haikuja na njia ya kuongea na intaneti. Wengi walitegemea Trumpet Winsock, programu ya jamaa wa Tasmania, Australia, anaitwa Peter Tattam. Ilienea dunia nzima na wengi hawakumlipa. (Kutumia kazi ya mtu bure hakukuanza na TikTok.) Hapo ulikuwa unaandika kila kitu kwa mkono: anwani ya IP ya mashine yako, anwani ya mlango wa kutokea, na ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukikosea tarakimu moja, umeisha. Ilichosha, lakini mwenye kompyuta alijua anaishi namba gani.

Oktoba 1993 ikatoka DHCP. Kompyuta inaingia kwa mtandao inapiga kelele: "Kuna mtu wa kunipa anwani?" Ruta inasema, "Iko hii." Kompyuta: "Naomba hiyo." Ruta: "Sawa, chukua." Basi. Hukuandika kitu, hukuona kitu. Februari 1996 wakakubaliana pia kwamba anwani kama za 192.168 zitumike ndani ya nyumba na ofisi pekee, ndiyo maana mimi nikiwa Rongai na wewe Kisumu tunaweza kuwa na namba moja na hakuna vita.

Sisemi DHCP ni mbaya. Bila hiyo shosho hangewahi kutuona kwa video. Shida yangu ni muda tuliofika sisi.

Miaka hiyo yote intaneti ya Kenya ilipita kwa setilaiti, polepole na ghali, na wengi waliionja cyber. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, na TEAMS ikafuata mwaka huo huo. Intaneti ya maana kwa nyumba za kawaida ni hadithi ya baada ya hapo. Kufikia wakati huo, Vista ya 2007 ilikuwa imeshapeleka mipangilio kwa chumba kipya, Network and Sharing Center. Windows 8 ya 2012 ikaanza kuihamisha tena, na Windows 10 ya 2015 ikaendelea. Wenzetu wa Marekani walizoea mlango ukiwa wazi, ndio ukafichwa. Sisi tulipata umeshapakwa rangi ya ukuta. Aliyeujua ni yule jamaa wa cyber, na kwake hiyo ilikuwa kazi, si somo.

Kwa hivyo hapo kati pakazaliwa biashara. Jirani yangu alinunua laptop ya mitumba town, iliyokuwa ya ofisi fulani. Waifai inashika, lakini hakuna kitu kinafunguka. Fundi akamwambia kadi ya mtandao imekufa, lete elfu mbili na mia tano. Nilifungua ile sehemu ya IPv4, nikakuta mtu wa ofisi aliandika anwani kwa mkono, inaanza na 10. Ruta ya ploti yetu inaongea 192.168. Yaani laptop ilikuwa inangoja mtandao wa ofisi ambayo iliiuza zamani. Nikabonyeza ipate anwani yenyewe. Sekunde kumi, na elfu mbili na mia tano zikabaki kwa mfuko wa mama ya watu.

Ungetaka kujua kama ni wewe au ruta, andika ipconfig kwa ile dirisha nyeusi ya Command Prompt. Ukiona anwani inaanza na 169.254, kompyuta iliomba, ikakosa jibu, ikajipa namba yenyewe. Hapo angalia ruta kwanza, kadi baadaye.

Na kuhusu mlango uliofichwa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike ncpa.cpl. Jina la hiyo faili limekuwepo tangu Windows NT ya miaka ya 1990. Wamepaka rangi kila kitu juu yake, lakini hata kwa Windows 11 bado inafunguka.