Madai ya bima kwa uharibifu wa maji nyumbani

Madai ya bima kwa uharibifu wa maji ni maombi ya fidia ambayo mwenye nyumba hupeleka kwa kampuni ya bima baada ya maji kuharibu jengo au mali iliyomo. Nchini Tanzania shughuli za bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Chanzo cha maji

Bima ya nyumba hulipa tu majanga yaliyoandikwa katika hati yake, kama vile mafuriko, dhoruba au kupasuka kwa bomba. Kwa kawaida hailipi uchakavu. Kwa mfano, katika kata ya Ihanda, Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, upepo wa masika ukiezua bati na mvua ikaharibu dari, hiyo ni hasara ya dhoruba. Lakini bati lililotobolewa na kutu likivuja kwa miezi mingi, hilo ni suala la matengenezo.

Hesabu ya faida

Hati nyingi hutaja sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Ikiwa sehemu hiyo ni sh. 300,000 na matengenezo yanagharimu sh. 400,000, atalipwa sh. 100,000 tu. Tena kampuni inaweza kuzingatia madai yaliyopita inapopanga ada ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo hasara ndogo mara nyingi ni afadhali kuitengeneza kwa fedha za mfukoni.

Thamani iliyokatiwa bima nayo ni muhimu. Nyumba ya sh. milioni 60 iliyokatiwa bima ya milioni 30 huweza kulipwa nusu tu ya kila hasara.

Taarifa na ushahidi

Kutoa taarifa si sawa na kudai. Hati huweka muda wa kutoa taarifa, na anayechelewa anaweza kukosa haki yake hata kama hasara ni kubwa. Kwa sababu unyevu ndani ya ukuta huonekana baadaye, inafaa kutoa taarifa mapema, kupiga picha, kutunza risiti na kuzuia maji yasiendelee kuharibu.

Dai likikataliwa, mwenye bima anaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na sheria hiyohiyo.